Kinachowasha Taa ya Jikoni

Kwa fundi Zuber, nyuma ya stendi,
Tukuyu.
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada Ikupa,

Ugonile. Huku sote wazima. Mama yuko Kawetele na shamba lake la chai, na kila nikienda ananiuliza swali lile lile juu yako, nami namjibu kwamba hayo ni ya Ikupa na mumewe.

Ndani ya boksi atakalokuletea Yussuph na gari lake akija kuchukua ndizi, utakuta kile kidude nilichokueleza Krismasi. Usiicheke sura yake. Zile nyaya mbili za shaba zilizonyooka kama masharubu ni antena. Hewa imejaa mawimbi ya redio: ya minara, ya stesheni, ya simu za watu. Wimbi likigusa antena linazaa umeme kidogo mno, unaokwenda mbele na kurudi nyuma bila kupumzika, na umeme wa namna hiyo hauwashi taa. Ndipo zinapoingia diodi. Diodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Unapitisha umeme unaokwenda na kuuzuia unaorudi. Nimezipanga nne kama ngazi, kila moja na kapasita yake ya kuhifadhi umeme, ili volti zipande kidogo kidogo mpaka kwenye ile taa nyekundu ya mwisho. Hakuna betri humo. Saketi hiyo inaitwa rektifaya, na ndiyo mradi wangu wa kumaliza chuo Mbeya.

Hapa kwenye meza ya Zuber inawaka kama jicho la mgonjwa, ikipenda. Zuber ananiita injinia wa hewa. "Kitu cha bure," anasema, "ulishaona wapi Tukuyu zaidi ya mvua?"

Mwalimu wangu anataka ijaribiwe mbali na mnara, na uchunguzi uandikwe na mtu mwingine kwa mkono wake, wenye tarehe na sahihi. Barua zako nitazibandika kwenye ripoti. Ningemwomba nani mwingine? Tangu kidato cha kwanza unaandika kila siku ilivyokwenda, hadi kuku aliyetaga. Naomba uandike tarehe, mvua au jua, taa imewaka au haikuwaka, kwa muda gani, na nani alikuwa karibu. Hilo la mwisho usiliache, kwa sababu mtu na alichobeba vinaweza kuvuruga vipimo vyote.

Natakiwa mbele ya walimu mwanzoni mwa Aprili. Nikishindwa narudia mwaka.

Mdogo wako,
Baraka


Masoko,
Jumamosi, 22 Februari 2025

Mdogo wangu Baraka,

Boksi limefika. Yussuph alilipakata kama mtoto mchanga, akaniuliza kama linalipuka.

Nimekitundika kidude jikoni, kwenye ukuta wa nyuma, juu ya rundo la kuni. Ni ukuta wa mianzi iliyokandikwa udongo, na ndio pekee usiolowa. Haya nimeyanakili kutoka kwenye daftari langu.

Siku mbili za kwanza, mvua, taa haikuwaka. Jumamosi, jua asubuhi kisha mvua. Jioni nikimenya ndizi taa iliwaka, ikazima, ikawaka tena, ikazima. Kila mara ni kama kuhesabu mpaka tano. Jumapili haikuwaka. Jumatatu jioni iliwaka vivyo hivyo, Jumatano pia. Si mwanga wa jicho la mgonjwa, Baraka. Niliuona mpini wa kisu changu. Aliyekuwa karibu: hakuna mtu.

Shangazi Atuganile, dada wa Mkwe, ambaye anaishi nasi tangu afiwe, ananicheka. Anasema nimekiatamia kidude hicho kama kuku aliyelalia jiwe. "Gwe Ikupa," anasema, "jiwe hilo likitotoa, uniite."

Mwambie mama jibu langu halijabadilika. Nelson aliondoka Juni kwenda Chunya kwenye dhahabu, akaondoka na simu yetu, na tangu Oktoba namba yake haipatikani. Nitangoja mpaka mwisho wa Machi. Asipokuwa amenitumia hata neno moja, narudi Kawetele. Sitaki kuwa mke wa mtu ambaye sijui kama yu hai au amenichoka.

Ile miche ya parachichi aliyoipanda baada ya kung'oa mibuni ya babu yake imesimama yote. Kuna mtu anaipalilia. Mimi sijaigusa, kwa sababu ndiyo iliyomkosanisha na baba yake. Shangazi naye anakana. Tangu Mkwe asimame mbele ya wazee wa kanisa na kuapa kwamba hatasema tena na mwanawe, hapa nyumbani hakuna anayeitaja miche hiyo wala aliyeipanda.

Dada yako,
Ikupa


Tukuyu,
Jumatano, 26 Februari 2025

Dada,

Barua yako nimeisoma mara tatu, Zuber mara moja, na sote wawili hatuelewi.

Hapa mnara uko juu ya vichwa vyetu. Ninyi huko mko bondeni, mtu anatafuta mtandao kama anayetafuta sindano gizani. Kwa hesabu zangu, taa ilitakiwa kufa kabisa ikifika Masoko. Badala yake inang'aa kuliko hapa? Na kwa nini jioni? Mnara haulali mchana.

Nimewaza unyevu, nikawaza solda mbaya kwenye viungo vya nyaya, nikawaza kwamba umenitania. Zuber ameniambia, "Dada yako kasoma sayansi, labda amechoka kukuona ukihangaika, kaamua kukuwashia kwa kalamu." Nikamwambia humjui Ikupa. Huyo hata ndoto huiandika ilivyokuwa.

Naomba ukihamishe. Kwanza kwenye ukuta unaotazama Tukuyu, kisha nje kwenye mgomba ulio juu kabisa, kisha ndani ya nyumba kubwa. Kila mahali siku mbili. Na ile safu ya watu, una hakika nayo?

Baraka


Masoko,
Jumatano, 5 Machi 2025

Mdogo wangu,

Nimekihamisha kama ulivyosema. Ukuta unaotazama Tukuyu, haikuwaka. Mgomba wa juu, ambao nilitarajia mengi kutoka kwake, haikuwaka, na mbuzi alitafuna kamba. Nyumba kubwa, haikuwaka. Jana nikakirudisha jikoni, ukuta wa nyuma, kwenye msumari ule ule. Jioni ikawaka mara tatu. Inawaka kidogo, kimya, inawaka kidogo, kimya. Mvua ilikuwa ndogo.

Nimejaribu kuwaza kama wewe. Je, ni moshi? Nilipika bila kuni mbichi, ikawaka. Je, ni sufuria? Nikazitoa zote nje, ikawaka. Je, ni mimi? Nikakaa kwenye kona ya mbele, mbali nayo, ikawaka bila mimi. Kila nikifunga swali moja, linafunguka lingine.

Umeniuliza juu ya watu. Hakuna mtu wa kuandikwa. Jioni zetu ni zile zile: napika, naweka sahani kwenye gogo lililo nje ya mlango, kwenye kona ya ukuta wa nyuma, naingia ndani, baadaye naichukua ikiwa tupu.

Miche imepaliliwa tena.

Ikupa


Tukuyu,
Jumamosi, 8 Machi 2025

Dada Ikupa,

Nimepata!

Ni bati. Jiko lenu lina bati lililobonyea katikati tangu mgomba ulipoliangukia, sivyo? Bati lililobonyea ni kama dishi. Linakusanya mawimbi ya mnara wa mbali na kuyamwaga mahali pamoja, na mahali hapo ni ule msumari wako. Jioni bati linapoa baada ya jua, linajikunja kidogo, na shabaha inakaa sawa. Ndiyo maana ukikisogeza kinakufa. Ndiyo maana hakuhitajiki mtu wala simu karibu. Safu yako ya "hakuna mtu" ndiyo nguzo ya hoja yote!

Nimemweleza mwalimu kwa simu. Akasema kama ni kweli, yeye mwenyewe atakuja Masoko kuona. Dada, mwalimu huyu hajawahi kutoka nje ya Mbeya kwa ajili ya mradi wa mwanafunzi.

Nimekutumia kapasita kubwa. Iunganishe kwenye zile ncha mbili nilizozipaka rangi nyeupe. Itahifadhi umeme ili taa iwake kwa muda mrefu zaidi, mwalimu akija asije akapepesa macho ikampita.

Zuber amefunga, kwa hiyo kejeli zake zimepungua hadi magharibi. Yussuph pia amefunga, usimtanie.

Baraka


Masoko,
Jumatano, 12 Machi 2025

Baraka,

Kapasita nimeiunganisha, na sasa mambo ni mabaya zaidi. Taa inachelewa kuwaka, kisha haitaki kuzima. Inabaki na wekundu kidogo hata nikimaliza kuosha vyombo. Sasa sijui ni wakati gani inawaka na wakati gani inakumbuka tu.

Na hiyo habari ya bati siielewi. Jana jua halikutoka kabisa, bati lilikuwa baridi tangu asubuhi, na jioni taa iliwaka.

Usimlete mwalimu bado. Sina sababu ya kukupa. Nikitazama safu zangu ninaona zimenyooka, tarehe ziko sawa, sahihi iko sawa, na bado nahisi kama mtu aliyefagia uwanja wote akaacha kitu katikati.

Mama ameniletea salamu kwa Yussuph. Anasema chumba changu amekifagia.

Ikupa


Tukuyu,
Jumamosi, 15 Machi 2025

Dada,

Toa ile kapasita kubwa. Itupe. Nadharia ya bati imekufa, na aliyeiua ni Zuber akiwa na njaa.

Jana kabla ya magharibi aliingia kwenye kontena la vipuri kumpigia mkewe, Mwantum, amwambie futari ya magimbi, sio ya mihogo tena. Kwenye rafu ya humo ndani nilikuwa nimeacha rektifaya ya pili. Nikaona mwanga mwekundu mpaka kwenye kidevu chake. Nikapiga kelele. Akasema, "Wewe, usinifuturishe kabla ya adhana!"

Tumerudia. Zuber akipiga simu hapa nje, chini ya mnara, taa inawaka kwa kufifia. Akiingia ndani ya kontena, penye mtandao wa kubahatisha, taa inang'aa. Nimejiona mjinga, kwa sababu jambo hili tulifundishwa. Simu iliyo karibu na mnara hunong'ona. Simu iliyo mahali pabaya hupaza sauti kwa nguvu zake zote, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Rektifaya yangu haikuwahi kuwashwa na mnara wowote. Inawashwa na simu iliyo hatua moja au mbili kutoka kwake, na kadiri mtandao unavyokuwa mbovu ndivyo inavyong'aa.

Kwa hiyo, dada, kuna simu nyuma ya jiko lako. Si mara moja; jioni baada ya jioni. Safu yako inasema hakuna mtu. Moja kati ya hayo mawili si kweli, na mimi sitaki kuamini ni lipi.

Nimemwomba mwalimu asije. Hajanijibu. Nani anapita nyuma ya jiko?

Baraka


Masoko,
Jumamosi, 22 Machi 2025

Mdogo wangu Baraka,

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Nimeandika majibu mawili na kuyachoma.

Uliuliza nani alikuwa karibu, nikaandika hakuna mtu. Sikukusudia kukudanganya. Wewe ni mwanamume. Ukutila, ule mwiko wa mke na baba mkwe wake, unaujua kwa kuusikia tu. Mimi nimeuishi tangu nilipoolewa. Wengi siku hizi wameuacha, lakini katika boma hili haujaachwa. Mkwe akija njiani anakohoa, nami nafunika kichwa na kugeukia migomba mpaka apite. Jina lake silitamki. Uso wake siujui vizuri. Naijua sauti ya kikohozi chake na nyayo zake kwenye tope. Akitaka kunipa jembe anaweka chini na kuondoka, ndipo nalichukua. Nikimpa chakula naweka kwenye gogo na kuingia ndani, ndipo anakichukua. Miaka yote hii nimejifunza kutomwona, Baraka, na nimejifunza vizuri. Ulipotaka niandike watu, mkono wangu ulimruka wenyewe. Kila jioni taa ilipowaka kulikuwa kumetangulia kikohozi. Nilikisikia. Sikukiandika.

Jumanne nilimwuliza Shangazi kama kaka yake ana simu. Alicheka mpaka akashika mlango. "Kaka yangu na simu? Redio yenyewe huizima kwa kofi!" Lakini jioni ile niliweka sikio kwenye mianzi. Kikohozi. Kisha sauti ndogo za vitufe, ti, ti, ti. Kisha taa. Na hapo nikakumbuka kitu ambacho ningepaswa kukikumbuka tangu Februari: Nelson alikuwa akisimama pale pale akipiga simu, chini ya upenu wa nyuma, kwa sababu katika boma zima ni kwenye kona hiyo ya gogo tu panaposhika mtandao.

Sasa naelewa, na afadhali nisingeelewa. Yeye aliyeapa mbele ya wazee kwamba hatasema na mwanawe, anasema naye. Anasema naye nyuma ya ukuta ninaopikia chakula chake. Nelson yu hai, ana simu, anapokea, na hajaniulizia. Wamepatana wao wawili, nikabaki mimi na taa.

Jana jioni kikohozi kiliposikika nilimwambia Shangazi kwa sauti ya kupita ukuta: "Jumamosi ijayo Yussuph anakuja kuchukua vitu vyangu. Narudi kwa mama." Shangazi akaangusha mwiko. Taa haikuwaka.

Mwambie Yussuph aache nafasi kwenye gari. Ni magodoro mawili, cherehani na sanduku.

Kwa ripoti yako: naomba uyang'oe maneno "hakuna mtu" popote nilipoyaandika. Sijajua bado uandike nini badala yake.

Ikupa


Tukuyu,
Jumatano, 26 Machi 2025

Dada Ikupa,

Naandika nimesimama, Yussuph anapiga honi.

Usifungashe.

Leo asubuhi amekuja mtu hapa kwa Zuber, na koti la kanisani, viatu kashika mkononi kwa ajili ya tope. Alikuwa na simu ya kitochi imefungwa kwenye leso. Ameniomba nisikuandikie amekuja nani wala alitaka nini, nami nimekubali. Sharti ni nisitaje jina lake. Wewe pia hulitaji, kwa hiyo tumelingana.

Ninachoweza kusema ni cha saketi tu. Soma tena safu yako ya muda. Wewe mwenyewe uliandika: kama kuhesabu mpaka tano, kisha kimya, kisha tena. Simu inayozungumza inawasha taa muda wote wa mazungumzo. Simu inayopiga namba isiyopatikana inawasha kidogo tu, mpaka ijibiwe kwamba haipatikani. Mtu akirudia, inawaka kidogo tena.

Katika barua zako zote, taa haijawahi kuwaka kwa muda mrefu hata mara moja, isipokuwa kwa sababu ya ile kapasita yangu ya kijinga.

Baraka


Masoko,
Jumamosi, 29 Machi 2025

Mdogo wangu Baraka,

Barua yako Yussuph alinipa Jumatano jioni. Mtu uliyemwona alishuka kwenye gari lile lile, akazunguka kwa nyuma. Nilisikia kikohozi, nikageukia migomba.

Nilisoma safu yangu ya muda kwa mwanga wa moto. Nimeiandika kwa mkono wangu na sikuwahi kuisoma. Kidogo, kimya, kidogo, kimya. Hakuwa akisema na Nelson. Alikuwa akimtafuta. Jioni baada ya jioni mzee yule amesimama kwenye matone ya upenu akibonyeza namba ile ile ambayo mimi nilikata tamaa nayo Novemba, anaambiwa haipatikani, anabonyeza tena, halafu anakwenda kwenye gogo kuchukua sahani yake. Na mimi niko upande wa pili, nangoja mtu yule yule. Katikati yetu ni mianzi na udongo.

Mvua ilianza, ile ya kupiga bati mpaka usisikie unachowaza. Kikohozi sikukisikia. Niliona tu taa ikiwaka. Nikaanza kuhesabu kwa mazoea. Nikafika tano, nikapita. Haikuzima. Niliacha kuhesabu, nikasimama mbele yake na mwiko mkononi. Sikusikia hata neno moja kwa sababu ya mvua. Nilikuwa naangalia mazungumzo, Baraka. Sijui namna nyingine ya kuiandika.

Kisha ikazima. Kisha kikohozi, karibu sana, upande wa mlango. Nikageuka ukutani kama ipasavyo. Kitu kikawekwa kwenye gogo. Nyayo zikaondoka kwenye tope.

Nilidhani ni sahani. Lakini sahani yake nilikuwa bado sijaipakua.

Taa ikawaka tena, yenyewe, hakuna mtu nyuma ya jiko. Safari hii namaanisha hakuna mtu. Nikashangaa, na kabla sijamaliza kushangaa simu ikalia nje. Hilo liandike kwenye ripoti: taa ilijua kabla ya mlio.

Simu ilikuwa kwenye gogo, imefunikwa jani la mgomba isilowe.

Nilipopokea, Nelson hakusalimia. Aliuliza, "Baba ameing'oa ile miche?" Miezi yote hiyo, na hilo ndilo swali! Nilitaka kumtukana. Badala yake nikasema, "Ameipalilia." Nilijua kwamba ni yeye pale pale nilipokuwa nalisema. Akanyamaza muda mrefu hata nikatazama kwenye mlango wa jiko kuona kama taa bado inawaka. Ilikuwa inawaka.

Mengine aliyosema ni haya. Dhahabu hakuipata. Simu yetu aliiuza. Aliona aibu kunitafuta, na aibu ikazaa nyingine. Namba hii mpya baba yake ameipata kwa mke wa mchimba mwenzake Nelson, hapo Tukuyu. Amezunguka mji mzima akiuliza. Nelson anasema atakuja kabla ya Pasaka. Nilimwambia aje aseme hayo akiwa amesimama mbele yangu, na asidhani nimetabasamu. Akashukuru, "Ndaga." Sijui kama nimemsadiki. Kwenye daftari nimeandika: mvua kubwa, taa imewaka, muda mrefu. Chini yake nimeacha nafasi.

Yussuph leo nimemwambia apakie ndizi tu. Mwambie mama chumba kibaki kimefagiliwa. Pasaka tutaona kama nitakihitaji.

Walimu wako waambie kweli, kwamba kwa mawimbi ya mnara peke yake taa haikuwaka hata siku moja, na iliwaka kwa simu iliyo karibu. Kama watakuangusha kwa hilo, watakuwa wamekuangusha kwa jambo la kweli. Na safu ya watu nimeisahihisha. Popote nilipoandika "hakuna mtu", soma: Mkwe.

Nilipomaliza kuongea nilitazama uwanjani. Alikuwa amesimama kwenye migomba, amenipa mgongo, koti la kanisani limelowa lote, anangoja bila kujua afanye nini. Sikuwa nimewahi kumtazama kwa muda mrefu hivyo. Niliirudisha simu kwenye gogo, nikaifunika kwa lile jani, nikaweka na sahani yake kando. Nikaingia ndani, nikageukia ukuta, nikakohoa.

Dada yako,
Ikupa